Vyungu Kumi na Vinne Chini ya Paa la Maktaba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, Mbugani, mjini Kyela. Mvua iliyoanza jana jioni bado haijakata. Tusekile Mwandemele anafungua kufuli la maktaba, anausukuma mlango kwa bega kwa sababu mbao zimevimba, kisha anasimama kizingitini na kusikiliza.

Hawashi taa. Kwanza umeme wenyewe haupo. Pili, anasema, taa haina cha kumwambia, sikio ndilo linalomwambia.

"Kile cha kwenye kamusi kimejaa," anasema, akinyoosha kidole gizani. "Sikia sauti yake ilivyo nzito. Na kuna tone jipya kule kwenye vitabu vya watoto. Jana halikuwepo. Ee Kyala, Mungu wangu, na leo tena!"

Anavua kandambili, anakunja kitenge, anaingia. Sakafuni kuna vyungu kumi na vinne vya udongo, vile vya akina mama wa Kikisi vinavyouzwa gulioni Lyulilo. Anavibeba kimoja kimoja mpaka mlangoni na kumwaga maji uani. Kwenye chungu cha sita anashika kiuno na kupumzika. Kwenye cha kumi anakaa kabisa juu ya tofali.

Ukimuuliza kwa nini hatumii ndoo, kama watu wengine wote wanaovujiwa, anakutazama kwa huruma.

"Ndoo ya plastiki ina mdomo, mwanangu. Tone likianguka humo, mtoto wa kidato cha nne anaacha hesabu zake anaanza kuhesabu matone. Chungu kina adabu. Ukiweka na kitambaa chini, kinanyamaza."

Ndivyo siku inavyoanza kwa mkutubi wa maktaba hii ndogo ya umma. Kwenye karatasi, hata hivyo, Tusekile si mkutubi. Ni mhudumu wa usafi.

Ana miaka hamsini na tatu. Alizaliwa Ipinda, kwa wakulima wa mpunga, akasoma mpaka darasa la saba. Miaka kumi na tisa iliyopita aliajiriwa hapa kufagia. Mkutubi wa mwisho aliyesomea kazi hiyo alistaafu miaka tisa iliyopita, akamwachia funguo kwa wiki mbili, hadi atakapoletwa mwingine.

"Wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo," anasema. Hacheki.

Mshahara wake ni ule ule wa ufagio, shilingi laki moja na elfu sitini kwa mwezi. Haulalamikii sana. Anacholalamikia ni magoti. Mara tatu katika mazungumzo yetu aliniambia, "Nimechoka, mwandishi. Andika hivyo hivyo, nimechoka." Basi nimeandika.

Jengo lenyewe halikujengwa kwa ajili ya vitabu. Lilikuwa ghala la mpunga la ushirika uliokufa zamani. Kuta zake ni nene na madirisha yako juu kabisa, chini ya paa, mapana kiasi cha kupitisha paka. Bati ni la tangu enzi za ushirika. Anayeijua mvua ya Kyela hahitaji kuelezwa zaidi. Huku masika hayapigi hodi, yanaingia na kukaa miezi mitatu.

Rafu za vitabu zimesimamishwa juu ya matofali, maana maji hupita pia chini ya mlango. Na vitabu havikupangwa kwa masomo kama ulivyozoea. Vimepangwa kwa kuvuja.

Katikati, pasipovuja kabisa, kuna vitabu vya afya, sheria na vya kidato cha nne. Dini imewekwa pamoja na kilimo. Historia iko juu ya kabati la mifagio. Magazeti ya zamani ndiyo yamewekwa chini ya tundu kubwa la pembeni, "kwa sababu yenyewe habari zake zilishakwisha." Ramani ya mpango huo iko kichwani mwa Tusekile peke yake. Mwaka juzi aliugua malaria wiki nzima na hakuna kitabu hata kimoja kilichopatikana.

Vinavyolowa hupelekwa nyumba ya pili, kwa Asifiwe. Huyu ni mkulima wa kakao na ana banda la kukaushia, vichanja vya mianzi vilivyofunikwa nailoni juu. Kakao ikiwa upande huu, vitabu vinawekwa upande ule, kurasa zikiwa wazi, kila kimoja na jiwe lake.

"Mama Jubilate akija na beseni la vitabu, wanangu wanajua," anasema Asifiwe, akimwita Tusekile kwa jina la mwanawe. "Wanaanza kugeuza. Unageuza kakao, unageuza jiografia, unageuza kakao. Ukichelewa kugeuza, vyote vinaota ukungu."

Ndiyo maana kitabu cha maktaba hii unakitambua kwa pua. Kinanuka kakao iliyochachuka. Wapo wanafunzi wanaodai kuwa wakisikia harufu ya kakao shambani, wanakumbuka mtihani na tumbo linawauma.

Rejista inaonyesha vitabu elfu mbili mia tatu na kumi. Katika miaka tisa, zaidi ya mia nne vimekufa. Tusekile hasemi vimeharibika. Anasema vimekufa, na majina yao ameyaandika kwenye daftari lake.

Viti ni kumi na vinane. Msimu wa mitihani watu wanafika sabini, wengine wakitoka Ipinda kwa baiskeli. Kwa hiyo Tusekile amebuni zamu. Anagawa vizibo vya soda alivyoviandika namba kwa rangi ya kucha. Mwenye kizibo anakaa saa moja na nusu, kisha anakirudisha na kuondoka ili mwenzake akae. Wanaosubiri wanasimama barazani nje, wakiwa wamejibanza ukutani mvua isiwafikie.

Mmoja wao asubuhi hii ni Anitha, muuguzi wa miaka ishirini na saba kutoka Singida, aliyehamishiwa Kyela miaka mitatu iliyopita. Ametoka zamu ya usiku. Macho mekundu, sare imelowa mabegani. Anajisomea ili apande kutoka cheti kwenda stashahada, na mtihani wake ni Julai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista. Chukua namba tatu, ukae chini. Usisimame na wewe, utaanguka."

Kitabu anachokitegemea Anitha kipo kimoja tu, cha mwili wa binadamu, na kilishanyeshewa mara mbili.

"Moyo nimeusoma, mapafu nimeyasoma," anasema. "Figo sijazisoma mpaka leo. Kurasa zimegandana. Nikijaribu kuzibandua zinachanika. Naomba Mungu tu wasiulize figo."

Hapo unaweza kuuliza, kama mwandishi huyu alivyouliza: hivi wenye mamlaka hawaoni? Mbona jengo hili halijakarabatiwa?

Tusekile anavuta pumzi ndefu. Anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.

"Waliona," anasema. "Ubaya ni huo. Walikuja wakaona."

Ilikuwa Oktoba mwaka jana. Ofisi inayosimamia majengo ilimtuma mhandisi wake, kijana mpole wa Kagera aitwaye Telesphory, kupita kila jengo na kuandika lipi likarabatiwe. Taarifa ilifika siku nne kabla. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba, mzee Eliud, mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa, akaita watu.

"Tunapata mgeni," aliwaambia.

Neno hilo likiingia kwenye masikio ya Mnyakyusa, mengine yote yanatoka. Wakafanya kazi siku nne. Michirizi ya maji ukutani wakaipaka chokaa. Vitabu vilivyolowa wakavificha kwa Asifiwe, na vile vyenye ukungu vikaenda huko huko. Mabenchi wakaazima kanisani. Wakafagia, wakapiga deki, wakakata majani njia nzima. Vyungu vya kukingia maji wakaona vinatia aibu, vikatolewa nje, vikajazwa udongo na kupandwa maua.

Mungu naye, anasema Tusekile, akaongeza jua.

Telesphory alipofika alikuta jengo jeupe na kavu, lenye mabenchi ya kutosha na maua mlangoni. Akatabasamu. Akatoa daftari na kuuliza wana changamoto gani.

"Injinia," akajibu mzee Eliud, "kwanza unawe mikono."

Kwa desturi ya hapa mgeni hapokelewi kwa shida. Anasalimiwa, anaulizwa habari za watoto na wazazi wake, ananawa, anakula. Akishashiba ndipo shida inasemwa, taratibu, na anayeisema ni mkubwa. Kumwambia mtu mwenye njaa kwamba bati linavuja ni kama kumfukuza.

Basi Telesphory alikula. Ulikuwa wali wa Kyela wenyewe, ule ukifunuliwa jirani anajua, na samaki mbasa aliyetoka Matema asubuhi hiyo. Alikula akaongezewa. Alipomaliza, mzee Eliud akasafisha koo ili aanze kusema.

Telesphory akaangalia saa. Alikuwa na majengo mengine mawili kabla ya giza. Wakamfungia mkungu wa ndizi kwenye gari, wakampungia mikono.

Taarifa yake Tusekile anaikumbuka kwa moyo. Jengo lipo katika hali nzuri, lina nafasi ya kutosha na mazingira yake yanavutia.

"Yanavutia!" anasema, na hapa anacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi kikavu. "Maua yale nilimwagilia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Kama hasara ingeishia kwenye kukosa ukarabati, wangevumilia, maana kuvumilia wamezoea. Lakini Februari ilifika barua nyingine. Kwa kuwa jengo ni zuri na kavu, ilisema, linafaa kupangishwa kuwa ghala la kakao. Vitabu vifungwe kwenye maboksi ifikapo tarehe 30 Juni, hadi patakapopatikana mahali pengine.

Asifiwe aliposomewa barua hiyo alipiga makofi. "Kavu? Kakao yangu nisiilaze humo hata usiku mmoja! Jamani, mficha maradhi kifo humuumbua. Haya sasa, kifo hicho."

Aliyechukua hatua ni Anitha. Aliandika barua ya malalamiko, akaambatanisha picha za simu, akasimama mlangoni wiki mbili akikusanya saini za wasomaji mia mbili na kumi na wawili. Majibu yalikuja mwishoni mwa Machi. Mhandisi atarudi kuhakiki Alhamisi ya wiki hii. Akiandika kwamba jengo ni bovu, litaingia kwenye orodha ya kukarabatiwa na kupanuliwa. Akiandika kama alivyoandika mwanzo, maboksi.

Ndiyo maana mwandishi huyu amebaki Kyela siku nne badala ya moja.

Jumanne jioni kamati inakaa, watu saba kwenye mabenchi, miguu juu ya matofali. Mzee Eliud anafika amechelewa, amevaa koti zuri, na nyuma yake baiskeli imebeba mifuko miwili ya chokaa.

Tusekile anaiona kabla ya wote. Mabega yake yanashuka.

"Tuanze na ukuta ule wa mashariki," anasema mzee Eliud. "Na hivi vyungu vitoke. Siwezi kumwingiza mtu mzima mahali penye vyungu vya maji sakafuni kama kwa mlevi. Mke wangu keshaagiza mbasa."

Anitha anataka kusema, anazuiwa kwa mkono. Tusekile ndiye anayesema, macho akiwa ameyaelekeza chini, kama anavyosema binti mbele ya baba yake.

"Tata, naomba safari hii tusimpambie."

"Tumuaibishe?"

"Si yeye, tata. Ni sisi. Tuaibike sisi kidogo."

Mzee Eliud ana miaka sitini na minane, na si mtu mbaya. Matofali yanayoinua rafu ni yake, na huwa anakuja mwenyewe kuziba mashimo ya mchwa. Baadaye alimwambia mwandishi huyu kwamba baba yake alikufa akisifiwa kwa jambo moja tu, kuwa hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwake akisema vibaya. "Unataka mimi niwe wa kwanza?" aliuliza.

Kikao kinakwisha bila neno la mwisho. Mvua inapiga bati mpaka watu hawasikilizani, na chokaa inabaki kwenye baiskeli. Funguo za maktaba ni mbili. Moja anayo Tusekile, nyingine anayo mzee Eliud.

Jumatano Tusekile hamwagi maji. Ni mara ya kwanza katika miaka tisa. Anavitazama vyungu vinavyojaa, mkono unamwasha, anaondoka kwenda uani na kuikalia mikono yake. Wasomaji wanaruka madimbwi. Anaomba radhi kwa kila mmoja anayeingia.

"Unajua ilivyo vigumu?" anasema. "Mimi ni mtu wa usafi. Kazi niliyoajiriwa ni hiyo. Halafu nikae niangalie uchafu unakua, nauita uje."

Usiku huo, kama kwa kejeli, mvua inakata.

Alhamisi jua linachomoza juu ya milima ya Livingstone, kali na safi, kama halijawahi kwenda popote. Saa kumi na mbili Tusekile anafika na kukuta kufuli limeshafunguliwa. Ndani kuna mtu amekunja suruali, amebeba chungu kifuani. Ni mzee Eliud. Vyungu vinne viko uani vimepinduliwa, vitupu.

Tusekile anaduwaa. Paa limekauka. Kuta zitakauka kabla ya saa nne. Ushahidi wote uliobaki mjini Kyela siku hiyo ni maji yaliyomo kwenye vyungu.

"Tata, acha."

"Mgeni anakuja, mama. Nimeshindwa kulala."

"Acha, tata."

Anakwenda na kukamata chungu upande wa pili. Kwa muda wanasimama hivyo, watu wazima wawili wamekumbatia chungu kimoja cha maji machafu, hakuna anayevuta. Baadaye Tusekile anasema hajawahi kumpinga mkubwa hata siku moja, si kwa baba yake wala kwa mume.

"Miaka tisa nimekinga maji haya," anasema. "Nimekinga peke yangu. Naomba yaonekane siku moja tu."

Mzee Eliud anaachia. Anakaa kwenye benchi. Chungu kinarudi mahali pake.

Saa nne na robo gari linasimama. Telesphory anashuka, daftari mkononi, amejawa na tabasamu la mtu anayekumbuka alikula vizuri. Mzee Eliud anasimama na kunyoosha koti.

"Ugonile, injinia! Karibu sana, karibu. Nyumbani hamjambo? Wazee huko Kagera..."

"Injinia," anadakia Tusekile. "Samahani. Ingia uone kwanza. Salamu utazikuta hapa hapa."

Asifiwe, aliyekuja kutazama, anaziba mdomo kwa kanga.

Telesphory anaingia. Anaona vyungu kumi vimejaa hadi midomoni, vingine vimefurika. Anaona rafu juu ya matofali na kamusi zilizovimba. Anainamia chungu cha karibu, anakigusa ukingo.

"Mbona hivi Oktoba havikuwepo?"

"Vilikuwepo. Tulipanda maua."

Kijana wa watu anakumbuka. Unaiona aibu inavyompanda kutoka shingoni. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa hujala," anasema Tusekile.

"Na nilipokwisha kula?"

"Uliangalia saa."

Telesphory anatazama juu. Bati, kwa jinsi mlango ulivyo wazi na mwanga ulivyo mwingi, linaonekana bati tu, la zamani, la kahawia. Anasema, kwa upole kabisa, kwamba maji kwenye chungu anaweza kuyaandika lakini atakayesoma ataweza kusema mtu aliyateka bombani. Anahitaji kuona yanakoingilia. Na leo, bahati mbaya, hakuna mvua.

Anitha, aliyesimama karibu na rafu ya afya, alifumba macho.

Tusekile hakuonekana kushtuka. Alionekana amechoka tu, kama siku zote.

"Sista, funga mlango," akasema.

Anitha akaufunga. Ghala likawa giza, madirisha yale madogo yakibaki mistari miwili myembamba. Kisha, macho yalipozoea, juu yetu yakaanza kuonekana. Moja, matatu, kumi, nukta za jua zikitoboa bati kila upande, nyingine ndogo kama tundu la sindano, nyingine pana kama shilingi. Na chini ya makundi mengi ya nukta hizo, mahali pale pale, chungu.

"Sikuhitaji mvua, injinia," anasema Tusekile gizani. "Ya mvua nayajua kwa masikio. Ya jua nayajua hivi. Mwezi wa kumi tulikufungulia mlango na madirisha yote, ndiyo maana hukuyaona. Anza kuhesabu kule, kwenye kamusi."

Telesphory akahesabu. Alihesabu kwa sauti, Anitha akiandika. Yalikuwa sitini na moja. Aliomba ngazi, akapanda, akashika mbao za kenchi zinazobeba bati na kipande kikabaki mkononi mwake. Alipima sakafu. Alihesabu viti, akaona vizibo vya soda, akauliza ni vya nini, akaelezwa, akaomba aelezwe tena. Alitoka nje na kupiga hatua kutoka ukuta wa nyuma hadi uzio wa Asifiwe. Hatua kumi na nane, eneo la maktaba, tupu, lenye magugu. Vyumba viwili vinaingia bila kubomoa kitu. Anitha alimwonyesha figo zilizogandana, na yeye akajaribu kuzibandua, zikachanika. Akazipiga picha.

Saa sita na nusu ikafika. Dereva akapiga honi. Kulikuwa na safari ya Ipinda.

"Siahidi kitu," alisema Telesphory akifunga daftari. "Mimi naandika, wanaoamua ni wengine, na fedha hazitoshi popote. Ila safari hii nitaandika nilichokiona. Jibu mtalipata kabla ya katikati ya Juni."

"Na chakula?" akauliza mzee Eliud kwa sauti ndogo.

"Nisamehe, mzee wangu. Muda umeniishia."

Gari likaondoka. Hakukuwa na mkungu wa ndizi. Kwa mzee Eliud wali ulikuwa umeiva na mbasa wamepangwa kwenye sinia, mke wake amesimama mlangoni na maji ya kunawa.

"Safari ya kwanza alikula, hatukusema," alisema mzee Eliud akiitazama njia. "Leo tumesema, hakula." Kisha akamgeukia Tusekile, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama." Na akaenda kuleta chakula ili kiliwe hapo hapo maktaba.

Kimeliwa juu ya meza ya kusomea. Asifiwe amekula, Anitha amekula akisinzia, mwandishi huyu amekula na kuongezewa. Tusekile amegusa matonge mawili akaacha.

"Nimemwacha mgeni aondoke na njaa," anasema, na machozi yanamtoka, hayafuti. "Mama yangu angekuwa hai angenichapa. Na angekuwa na haki."

Anachotarajia si kikubwa. Anataka bati jipya. Anataka chumba cha watoto kule nyuma, chenye madirisha ambayo mtoto akisimama anaona nje. Anataka viti ambavyo mtu akikaa haambiwi muda wake umekwisha. Na anataka jambo moja ambalo watu wengi hawalitegemei litoke kwake.

"Waniletee mkutubi aliyesomea. Nimwonyeshe kila kitabu kilipo, nimkabidhi daftari la waliokufa. Halafu mimi nirudishiwe ufagio wangu. Nimechoka kuwa mkutubi wa wiki mbili."

Na jibu likija baya?

Ananyanyuka kwa kushika meza. Nyuma ya rafu ya afya, katikati kabisa, pasipovuja, kuna maboksi matupu yamepangwa vizuri. Aliyaomba dukani moja moja tangu Februari, akayaandika majina ubavuni. Kamusi. Dini na Kilimo. Watoto.

Nje mawingu yameanza tena kujikusanya upande wa Matema. Anaviendea vyungu vinne vilivyomwagwa alfajiri, anavirudisha kila kimoja chini ya matundu yake. Kwenye vitabu vya watoto, palipoanza kuvuja Jumatatu, hakuna chungu. Anatazama huku na huku, anachukua sinia la wali lililobaki tupu, anatandika kitambaa ndani yake, analiweka pale.

"Kama jibu ni zuri, huyu kijana atarudi kusimamia mafundi," anasema, akiwa bado ameinama. "Akirudi nitampikia mimi mwenyewe, mchele wa Ipinda, nyumbani kwangu. Na siku hiyo sitamwambia chochote mpaka ashibe."